Magofu Yasiyokuwa Mahame

Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo ambalo wachoraji wengi wa Ulaya walilitazama kana kwamba ni moja tu. Tuna gofu, na tuna hame. Gofu ni jengo lililobomoka: kuta zimesimama, paa halipo, mlango umebaki tundu. Hame ni mahali palipohamwa. Neno lenyewe limetoka katika kitenzi kuhama, na kwa hiyo halitamkiki bila kuwakumbuka waliohama. Mtu akikuonyesha gofu, waweza kumwuliza lilijengwa kwa mawe gani. Akikuonyesha hame, swali la kwanza litakalokutoka ni hili: wenyewe wako wapi? Makala haya yanakusudia kuzitazama picha mashuhuri za mandhari zenye magofu ya Kirumi kwa kuitumia tofauti hiyo, nami nitadai kuwa nyingi katika hizo, hata zilizochorwa kwa ustadi mkubwa kabisa, ni picha za magofu zisizothubutu kuwa picha za mahame.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na nguzo za Roma? Haja ipo. Katika somo la insha tumezoea kumpa mwanafunzi picha tukamwambia aieleze. Picha za namna hii ni rahisi kupatikana, kwani zimechapwa mara nyingi mno katika vitabu vya sanaa, katika kalenda na katika kadi. Mwanafunzi ataandika kwamba mandhari ni ya kupendeza na kwamba majengo ni ya kale, na mwalimu atampa alama zake. Lakini jengo lililovunjika lipendeze kwa nini? Nyumba ya jirani ikianguka hatuiti mandhari. Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanza, na hapo ndipo maneno yetu wenyewe yanapoweza kutufaa kuliko istilahi za kuazima.

Roma ya kale ilikuwa na wakazi mamia ya maelfu. Katika Zama za Kati wakapungua hata wakabaki makumi machache ya maelfu, wamejikusanya karibu na mto Tiber, na sehemu kubwa ya mji iliyokuwa ndani ya kuta ikageuka mashamba ya mizabibu na malisho. Uwanja mkuu, ule ambao Warumi waliutumia kwa mahakama, ibada na siasa, ukafukiwa na kifusi na udongo hata watu wakauita Campo Vaccino, yaani Uwanja wa Ng'ombe. Yafaa tukumbuke kwamba uharibifu huo haukuletwa na miaka peke yake. Marumaru ya mahekalu ilivunjwavunjwa ikachomwa katika matanuri ili kupata chokaa. Mawe ya Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo, yalibebwa kwenda kujengea makanisa na majumba ya wakubwa. Msomaji wa pwani, aliyepata kuona matumbawe yakichomwa kwa magogo, hana haja ya kuelezwa kazi ya tanuri la chokaa. Basi gofu la Kirumi lilikuwa pia machimbo. Hilo lilijulikana na kila aliyeishi Roma, wachoraji nao wakiwamo. Lakini katika picha zao tanuri ni nadra kuonekana. Kinachoonekana ni mti ulioota juu ya ukuta. Lawama yote ametwishwa Wakati, naye Wakati hana wakili.

Aliyeipa namna hii ya uchoraji sura yake iliyodumu ni Claude Gellée, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Claude Lorrain kwa sababu alizaliwa katika nchi ya Lorraine, yapata mwaka 1600. Yasemekana alianza kwa kujifunza kazi ya kuoka keki. Alikwenda Roma angali kijana, na huko ndiko alikoishi karibu maisha yake yote hata alipofariki mwaka 1682. Rafiki yake Joachim von Sandrart ameeleza jinsi walivyokuwa wakitoka nje ya mji alfajiri na magharibi ili kuitazama nuru mahali pake. Matunda ya matembezi hayo yamo katika kila turubai lake. Aghalabu upande mmoja pana mti mkubwa wenye kivuli, upande wa pili pana hekalu au nguzo chache, katikati maji au daraja, na mbali kabisa milima inayeyuka katika rangi ya samawati. Jua lenyewe, ambalo wachoraji waliomtangulia mara nyingi waliliacha nje ya picha, Claude alithubutu kulitia ndani, chini kabisa karibu na upeo wa macho, hata mtazamaji akahisi kwamba ni lazima afumbe jicho kidogo. Kazi zake zilianza kughushiwa mapema, naye akaamua kuweka kitabu ambamo alichora nakala ya kila picha aliyoiuza. Kitabu hicho, chenye michoro yapata mia mbili, kimehifadhiwa leo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London.

Tusimdhulumu Claude. Kwa nuru hana mshindani kabla yake, na mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake tofauti ya alasiri na magharibi hatapata msaidizi bora kuliko yeye. Lakini watazame watu wake. Ni wadogo, miguu yao mirefu kuliko inavyopasa, nao wamewekwa pembeni mwa ukubwa wa miti kama vile mpishi anavyonyunyizia majani ya kotimiri juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Inasimuliwa kuwa mwenyewe alizoea kusema kwamba mandhari ndiyo aliyokuwa akiuza, na watu aliwatoa bure. Ni mzaha, ila mzaha wa fundi aghalabu hutoboa siri ya karakana. Mchungaji wa Claude hachungi. Amesimamishwa hapo ili tujue kimo cha nguzo.

Kuna picha moja yake, ya mwaka 1636, iliyoko katika jumba la Louvre mjini Paris, inayoonyesha Campo Vaccino wenyewe. Tao la Kaisari Septimius Severus limefukiwa. Mbali kuna Colosseum. Katikati ng'ombe wamelala, na watu wameketi juu ya mawe wakizungumza. Hii ni karibu zaidi na hame kuliko picha zake nyingine, kwa sababu mahali hapa palikuwapo kweli, na ng'ombe walikuwapo kweli. Baadaye alielekea zaidi kwenye mahali pasipokuwapo, pa kubuni, palipojaa amani. Mwisho wa safari hiyo ni turubai lake la mwisho kabisa, la mwaka 1682, lililoko katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford. Hadithi yake imetoka kwa mshairi Virgil: kijana Ascanius, mwana wa Aeneas, anamlenga kwa mshale paa dume aliyefugwa na binti Silvia, na mshale huo utawasha vita. Miti imeinama kwa upepo. Upande mmoja zimesimama nguzo ndefu za hekalu, nazo zimekwisha kuanza kumea majani. Msomaji na ahesabu miaka: huyu Ascanius ni babu wa wale watakaokuja kuujenga mji wa Roma. Roma haijajengwa, na magofu yake tayari yapo! Wengine watasema ni kosa la mzee aliyechoka. Mimi naona ndipo alipokuwa mkweli kuliko alivyopata kuwa. Kwa miaka hamsini gofu lilikuwa pambo kwake. Hapa kwa mara ya kwanza lina sababu, na sababu yenyewe imeshika upinde.

Mwenzake wa Roma, Mfaransa Nicolas Poussin, alikuwa na akili ya namna nyingine, kavu na ya kupanga. Katika picha yake ya mwaka 1640 iliyoko Berlin, Mtakatifu Mathayo ameketi kando ya Tiber katikati ya vipande vya nguzo na mawe yaliyochongwa, malaika yu pamoja naye, naye anaandika Injili. Hakuna mti ulioota juu ya ukuta wala magharibi ya kutia huruma. Jiwe lililovunjika limekuwa kiti cha mwandishi. Enzi moja imekwisha, na kitabu cha enzi nyingine kinaandikwa juu ya mabaki yake. Hilo ndilo wazo lote, nalo limesemwa bila kupaza sauti. Picha inayofanana nayo, ya Mtakatifu Yohana akiwa Patmos, iko Chicago. Ningependa mwalimu aziweke hizi mbili mbele ya darasa kabla ya kitu chochote cha Claude, maana zinamfundisha mwanafunzi kuuliza jiwe linafanya kazi gani.

Katika karne ya 18 magofu yaligeuka biashara. Vijana wa matajiri wa Uingereza na nchi nyingine walisafiri hadi Italia ili kukamilisha elimu yao, na kila mmoja alitaka kurudi na ukumbusho. Giovanni Paolo Panini alielewa soko hilo kuliko wote. Aliwatengenezea turubai ambamo Pantheon, Colosseum na mnara wa Trajan, vitu ambavyo katika mji vimetengana, vimesogezwa vikasimama pamoja kama bidhaa juu ya meza ya duka. Fundi hodari, nayo mikono yake haikukosea hata mara moja. Lakini sijaona picha yake moja inayoniuliza swali. Giovanni Battista Piranesi, aliyechora juu ya bamba la shaba na kupiga chapa, alikuwa mtu wa kiwango kingine. Hata hivyo chapa zake si uchoraji wa mandhari hasa, nazo zastahili makala yake peke yake.

Sasa twafika kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyelikaribia hame kuliko wote, ingawa wahakiki wa nyumbani kwake walimwita Robert wa Magofu kana kwamba ni jina la utani la fundi wa kitu kimoja. Hubert Robert alizaliwa Paris mwaka 1733. Mwaka 1754 alikwenda Roma, akakaa huko miaka kumi na mmoja, akajifunza kutokana na kazi za Panini na Piranesi. Lakini tazama alichokiongeza. Chini ya tao la hekalu wanawake wanafua nguo, na kamba ya kuanikia imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Ng'ombe wananyweshwa katika jeneza la marumaru. Moto wa kupikia unafuka moshi mahali palipokuwa madhabahu. Watu hao hawatazami juu. Hawakuja kushangaa, hapo ndipo kwao, na shati lenye maji halingojei historia.

Mwaka 1767 Robert alionyesha picha zake Paris kwa mara ya kwanza, na mwanafalsafa Denis Diderot akaziandikia uhakiki mrefu, ulio miongoni mwa kurasa maarufu za uhakiki wa sanaa katika Ulaya. Diderot alizisifu, kisha akamkemea mchoraji: watu ni wengi mno, afute robo tatu yao. Kwa hoja yake, gofu humgusa mtu anapokuwa peke yake, akafikiri jinsi vitu vyote vinavyopita na ulimwengu tu unaobaki. Aliona pia kwamba kasri halivutii mpaka limebomoka. Hoja hii imerithiwa na vizazi vingi, na wengi tunaifuata bila kujua tumeipata wapi. Nami naipinga. Anayetaka robo tatu ya watu wafutwe ni mgeni aliyekuja kutafuta huzuni yake mwenyewe, naye akaona wenyeji wanamzuia kuifurahia. Wafuaji wa Robert ndio waliobaki na mji baada ya enzi kuondoka. Wakifutwa, kitu kinachobaki ni mawe na hisia za mtazamaji, na hisia hizo, hata ziwe nzito kiasi gani, hazitamwambia chochote juu ya Roma. Diderot alitaka gofu. Robert alikuwa amempa hame, tena hame lililokwisha kupata wakazi wapya.

Maisha yalimpa Robert somo lililozidi yale ya Roma. Alikuwa ametunukiwa kazi ya kutunza picha za mfalme. Mwaka 1789 gereza la Bastille lilipovamiwa, alilichora likiwa katika siku za mwanzo za kubomolewa, nalo picha ile ni ya magofu ambayo vumbi lake halijatua. Mwaka 1793 mapinduzi yakamtia yeye mwenyewe kifungoni, akakaa huko hadi mwaka uliofuata, akichora juu ya sahani kwa kukosa vifaa. Alipotoka alirudi kuhudumia jumba la Louvre, lililokwisha kufunguliwa kwa umma tangu 1793. Na mwaka 1796 akaonyesha picha mbili pamoja. Ya kwanza ni pendekezo lake la kuutengeneza Ukumbi Mkuu wa jumba hilo, ukiwa umekatwa madirisha darini ili nuru ishuke kutoka juu juu ya picha. Ya pili ni ukumbi ule ule ukiwa gofu: dari imeanguka, anga imeingia, na katikati ya mabaki sanamu ya Apollo wa Belvedere ingali imesimama, na kijana ameketi anaichora. Ile nuru ya juu aliyoiomba katika picha ya kwanza, katika ya pili ameipata kwa kuporomoka kwa paa.

Wengi huishia kuicheka au kuistaajabia picha hii. Yafaa tusogee karibu zaidi. Mwaka ule wa 1796 Apollo wa Belvedere alikuwa bado Roma. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakishinda vita huko Italia na kuwalazimisha walioshindwa kutoa kazi zao za sanaa kama fidia. Sanamu hiyo iliwasili Paris mwaka 1798, ikarudishwa baada ya kuanguka kwa Napoleon mwaka 1815. Robert basi alichora mambo mawili ambayo hayajatokea: nyara ambayo haijafika, na kubomoka kwa nyumba itakayoipokea. Aliyekaa miaka kumi na mmoja katikati ya mabaki ya dola iliyokuwa ikinyang'anya mataifa mengine hakuhitaji unabii ili kuyajua hayo. Hii si huzuni ya Diderot. Ni taarifa, imeandikwa kwa rangi, kwa mwenye nyumba. Mwingereza Joseph Gandy alifanya jambo la kufanana nalo mwaka 1830, alipoichora Benki Kuu ya Uingereza katika sura ya magofu kwa ajili ya msanifu wake, John Soane; lakini ile ilikuwa sifa kwa msanifu, maana ilisema kwamba jengo lake litakuwa zuri hata likivunjika.

Uchoraji huu haukubaki ukutani. Matajiri wa Uingereza walizipenda picha za Claude hata wakaanza kuigeuza ardhi yao ifanane nazo: wakachimba maziwa, wakapanda miti kwa vichaka, wakajenga vijihekalu, kama unavyoweza kuona Stourhead. Palipokosekana gofu, gofu lilijengwa. Na kuna mfano mmoja ambao sisi wa Afrika hatuna budi kuufahamu. Katika pwani ya Libya, mashariki ya Tripoli, umo mji wa Leptis Magna, ambako ndiko alikozaliwa mwaka 145 yule Septimius Severus ambaye tao lake tumeliona limefukiwa katika picha ya Claude. Mwafrika huyo alitawala dola yote ya Kirumi kuanzia 193 hadi 211, akaupamba mji wa kwao kwa majengo makubwa, na baada ya karne kadhaa mchanga ukaufunika. Mwaka 1816 balozi mdogo wa Uingereza huko Tripoli, Hanmer Warrington, alipata ruhusa ya mtawala wa huko kuchukua nguzo na mawe mengine, vikapakiwa melini vikapelekwa London. Vilikaa miaka kadhaa katika uwanja wa Makumbusho ya Uingereza bila mtu kujua vifanyiwe nini. Kisha, kuanzia 1826, vikasimamishwa huko Virginia Water, karibu na Windsor, katika bustani ya Mfalme George wa Nne, vikapangwa kwa ustadi ili vionekane kuwa magofu ya hekalu ambalo halijapata kuwapo.

Hapa tofauti yetu ya maneno yafikia mwisho wake. Nguzo zile ni za kweli, nazo zimevunjika kweli. Kwa hiyo ni gofu. Lakini mahali pale hapakuhamwa na mtu. Ni gofu lililotenganishwa na hame lake kwa meli. Hame limebaki Libya, gofu liko Uingereza, na mtembeaji wa bustani anafurahia mandhari kama ya Claude bila kulazimika kuuliza wenyewe wako wapi. Mchoraji wa mandhari alikuwa amemzoeza mapema kutouliza. Nisieleweke vibaya: simtwishi Claude dhambi ya balozi aliyeishi karne na nusu baada yake. Nasema tu kwamba jicho hufundishwa, na somo hili lilikuwa limefundishwa kwa muda mrefu.

Huko Marekani magofu ya Kirumi hayakuwapo, na Thomas Cole, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1801 na kuhamia huko mwaka 1818, aliyabuni. Turubai zake tano ziitwazo Mwendo wa Dola, alizozimaliza mwaka 1836, zimo katika jumba la chama cha historia cha New York. Mahali ni pamoja, mlima ni ule ule wenye jiwe kubwa kileleni. Kwanza kuna wawindaji, halafu wachungaji, halafu mji wa marumaru uliojaa maandamano, halafu vita na moto, na mwisho mwezi juu ya nguzo moja ambayo ndege wamejenga kiota juu yake. Cole ana fadhila moja kubwa: gofu lake lina sababu, nasi tumeiona sababu hiyo katika picha ya nne kwa macho yetu. Lakini ni mhubiri asiyemwachia msikilizaji nafasi ya kufikiri. Kila kitu kinaelezwa mara mbili. Katika picha ya tano hakuna mtu hata mmoja. Mji wa maelfu umeteketea, wala hapana hata mtoto mmoja aliyerudi kutafuta kuni. Diderot angefurahi. Mimi siamini. Watu hawaishi kabisa namna hiyo. Wanahama, na wengine hurudi.

Walimu wengi watakuwa wamekwisha kuikumbuka Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa mapema katika karne ya 19 na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya fahari ya Pate iliyopita. Kulinganisha shairi na picha kuna hatari zake, maana mshairi ana ulimi na mchoraji hana. Hata hivyo ulinganisho mmoja unafaa. Sayyid Abdallah anayachukua magofu kama fundisho la dini kwa moyo wake mwenyewe, na kwa kusudi hilo ni ndugu wa Cole. Lakini njia yake ni nyingine kabisa. Anaingia vyumbani. Anaonyesha mahali palipopangwa vyombo vya kaure ambapo sasa ndege wamefanya viota, anawataja waliokaa humo, taa zao na maringo yao, na anauliza wako wapi. Hana mahali anaposimama mbali akaona kuta zikipendeza kwa jua la magharibi. Kwake Pate ni hame kwanza, na gofu baadaye. Mwanafunzi aliyeisoma vizuri amekwisha kupata swali la kumwuliza Claude, wala hahitaji kulitafuta katika kitabu cha kigeni.

Imebaki picha moja ambayo inakataa kuingia upande wowote wa hoja yangu, nami nimeiweka mwisho kwa sababu hiyo. J. M. W. Turner, aliyempenda Claude kuliko wachoraji wote, alikwenda Roma mara mbili, mwaka 1819 na mwaka 1828. Miaka kumi baada ya safari ya pili, bila kurudi huko, alichora Campo Vaccino kwa kumbukumbu, akaionyesha picha hiyo mwaka 1839. Leo iko katika jumba la Getty huko Los Angeles. Ni uwanja ule ule alioutazama Claude miaka mia mbili kabla. Mwezi unachomoza upande mmoja wakati jua linatua upande wa pili, na nuru hizo mbili zimekutana juu ya mji hata kuta, makanisa na nguzo zikawa karibu mvuke mtupu, huwezi kuamua lipi limebomoka na lipi linakaliwa. Huu ni uzuri wa Claude uliozidishwa, na kwa kanuni niliyoiweka ningepaswa kuulaumu. Ila mbele kabisa, karibu na ukingo wa chini, Turner ameweka mbuzi pamoja na mchungaji wao, na hawakuwekwa hapo ili tupime kimo cha nguzo. Nuru ile ile inayoyeyusha Colosseum imewaangukia wao vilevile, manyoya kwa manyoya, wakati wa kurudi nyumbani.